Siku Mzee Maganga Alipojikopesha

Vijana wa ofisi wameniomba niandike machache kabla sijayasahau, na kwa kuwa wameomba kwa adabu, nimekubali. Ila nawaonya mapema. Anayetafuta humu habari za vyeo na mishahara ataambulia patupu. Vyeo vyangu vilikuwa vichache, na mshahara wangu mnaujua, maana ndio huohuo mnaoulalamikia ninyi leo. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, na hasa juu ya injini moja ya mashine ya kusaga ambayo nusura ituponyoke kwa sababu ya tozo za benki.

Nilitua Mwanza kwa meli kutoka Bukoba, msichana wa Kihaya mwenye sanduku la bati, cheti kipya cha chuo cha ushirika na mkungu wa ndizi. Mkungu ulikuwa wazo la mama, aliyeamini kwamba ng'ambo ya ziwa watu wanakula ugali mtupu na kwamba ningekonda hadi nitambuliwe kwa sauti. Niliubeba ule mkungu kutoka bandarini mpaka ofisini Mirongo, chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Kwa miaka mingi baadaye wenzangu walinitambulisha kwa wageni kama yule aliyeripoti kazini na chakula chake.

Kazi yetu ilikuwa kuzunguka vijiji vya ujamaa, kukagua hesabu zao na kuwafundisha makatibu wao namna ya kuzitunza. Siku ya kwanza nilikabidhiwa mashine ya kujumlisha ya mkono, ile ya kuvuta mpini ubavuni. Kiti hakikuwepo, kwa hiyo nilikalia kasha la mashine mpaka mtu mmoja alipokwenda likizo. Mashine ilikuwa nzito kama mtoto anayekataa kutembea, na ilikuwa na tabia zake. Namba saba ilikuwa inanasa, ikawa kila jumla yenye saba lazima uipige kofi ndipo itoe jibu. Nilikuja kugundua kwamba wakaguzi wote wa zamani wa ofisi ile walikuwa na bega la kulia lililojaa kuliko la kushoto. Mimi pia ninalo, na fundi cherehani wangu hajaacha kulalamika.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Sospeter, Mjita mrefu mwenye baiskeli nyeusi aliyoipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Nilipofunga safari yangu ya kwanza kwenda kijijini, nilipanga vitabu, kalamu mbili za wino na rula. Aliniangalia, akachekea puani.

"Binti, ukifika usianze na vitabu," alisema. "Anza jikoni. Waulize akina mama wanasaga wapi, chumvi wananunua wapi, na kitu gani kimewakwama. Ukitoka hapo, vitabu vitakueleza mambo ambayo umeshayajua."

Niliona ni ushamba. Mimi nilikuwa nimesomea hesabu, sikusomea mapishi. Lakini nilimtii kwa sababu ndiye aliyekuwa anaandika ripoti juu yangu, na kidogo kidogo nikaona kwamba vijiji vilivyonishinda ni vile tu nilivyoanza na vitabu. Mzee Sospeter alistaafu akarudi Majita kufuga kuku. Sijapata kusikia ushauri mzuri zaidi, na kama chuoni wameanza kuufundisha siku hizi, mniambie.

Sasa nije kwenye injini. Ilikuwa miaka michache baada ya Operesheni, watu walipohamishwa na kukusanywa kandokando ya barabara ili wawe karibu na shule, zahanati na maji. Asubuhi moja nilikuta mama mmoja amekaa kwenye ngazi za ofisi yetu. Alikuwa mtu mzima, mnene kiasi, amevaa khanga mbili na katambuga, zile ndara za matairi ya gari ambazo zikikukanyaga unazikumbuka. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Mhaya wa ndizi?"

Nilikiri kwamba ndimi. Akasema anaitwa Mama Kabula, ni mwenyekiti wa kamati ya mashine katika kijiji cha Juhudi, mbele ya Usagara. Akafungua pindo la khanga, akatoa hundi iliyokunjwa mpaka ikawa kama kipande cha sabuni. Ilikuwa hundi ya kijiji, na benki ilikuwa imeirudisha.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kijiji kilikuwa na mashine ya kusaga, na injini yake ilikufa. Wakaipakia kwenye lori la pamba, wakaipeleka karakana ya mjini. Fundi aliifungua, akabadilisha vyuma, akaipaka hata rangi ya kijani ambayo hakuna aliyemwomba. Wakamwandikia hundi. Hundi ikarudi. Fundi akawaambia kwamba yeye hali rangi, na kwamba ana watu kutoka Sengerema wenye fedha taslimu ambao wameshakuja mara mbili kuigusagusa ile injini. Angewasubiri watu wa Juhudi mpaka mwisho wa mwezi, basi.

"Tangu iondoke, tunasaga Usagara," alisema Mama Kabula. "Unatoka na debe kichwani kabla ya jua, unakaa foleni, unarudi jua linazama, halafu baba wa nyumba anakuuliza mbona ugali umechelewa. Wengine wameshalirudia jiwe la bibi zao. Mimi mgongo wangu hauliwezi tena, mayu." Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo walivyoniita.

"Pamba hamkuuza?"

"Tumeuza. Pamba nyeupe kabisa, daraja la kwanza. Fedha tumeambiwa iko benki. Sasa benki inasema hakuna. Imekwenda wapi, imesafiri?"

Tukaenda benki pamoja. Karani wa kaunta, mtu mpole, alitutolea taarifa ya akaunti ya Juhudi, na kweli, salio lilikuwa chini ya sifuri. Kijiji kilikuwa kimetoa zaidi ya kilichomo, hali ambayo watu wa benki wanaiita ovadrafti na wanaitamka kwa sauti ya chini kama ugonjwa. Benki ililipa hundi chache za mwanzo, za dizeli na za duka, ikatoza riba. Zilizofuata ikazirudisha, na kila iliyorudishwa ilitozwa. Halafu kila ilipotoza iliandika barua kumwarifu mteja, na barua nayo ikatozwa. Kwa hiyo mteja alikuwa anakatwa fedha asizo nazo ili aambiwe kwamba hana fedha. Nilisoma mstari huo mara mbili nikidhani nimechoka.

Barua zenyewe hazikumfikia mtu. Zilikwenda kwenye sanduku la posta la shule ya zamani, na shule ilikuwa imehama pamoja na watu wake.

Nilikumbuka maneno ya Mzee Sospeter. Kesho yake nikapanda Landrova ya ofisi, ambayo ilisimama pale ilipojisikia, nikaenda Juhudi, moja kwa moja jikoni kwa Mama Kabula. Nilipewa ugali wa udaga, ule wa muhogo mkavu, samaki, na baadaye matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha ambavyo nimevipenda mpaka leo, mama yangu anisamehe. Nikauliza wanalima wapi, maana pale barabarani niliona nyumba nyingi na mashamba machache.

"Kule chini, Mwabasuma," walinijibu, wakinyoosha mikono upande wa ziwa kana kwamba kila mtu anajua.

Kumbe watu wote wa Juhudi walikuwa watu wa Mwabasuma, kijiji kilichokuwa bondeni karibu na maji. Kabla ya Operesheni, Mwabasuma ilikuwa na akaunti yake benki. Walipopandishwa barabarani walipewa jina jipya na wakafungua akaunti mpya. Nyumba zilihama, ila mashamba hayakuweza kuhama, kwa hiyo kila msimu walishuka kulima palepale pa zamani. Ikifika siku ya kuuza, karani wa mizani anauliza, "Pamba ya wapi hii?" Na Msukuma hasemi uongo juu ya mahali pamba ilipoota. Anajibu, "Ya Mwabasuma." Karani anaandika Mwabasuma, na fedha inakwenda akaunti ya Mwabasuma. Mashine, duka na dizeli vyote vilikuwa vya Juhudi. Mmoja alikuwa anapokea, mwingine anatumia, na wote wawili walikuwa watu walewale.

Nikamtafuta mwenyekiti wao, Mzee Maganga. Nilimkuta anatengeneza mpini wa jembe, mzee mkavu mwenye macho ya kucheka na mdomo usiocheka. Nikamuuliza kwa nini hawakuifunga ile akaunti ya zamani, mambo yakaisha.

"Tulitaka," alisema. "Mimi mwenyewe nilivaa viatu niende. Mama yangu akaniita. Yuko hapo ndani, haoni vizuri, lakini anasikia. Akaniuliza, 'Mkisema huko benki kwamba Mwabasuma imekwisha, sisi tuliozaliwa Mwabasuma tutakuwa tumezaliwa wapi?' Ningemjibu nini, mayu? Nikavua viatu."

Vitabu vya chuo havikuwa na ukurasa wa jambo hilo.

"Lakini niliwaambia benki," aliendelea. "Meneja wa zamani, yule aliyehamishiwa Tabora. Nilimwambia hivi ni vyungu viwili vya nyumba moja. Hiki kikipungua, chota kwenye kile. Akakubali, akawa anachota. Msimu mzima alichota, hatukuwa na neno. Halafu akaja huyu kijana mpya, akaacha kuchota, akaanza kututoza. Hakutuambia."

Nilienda kukaa kwenye banda la mashine. Lilikuwa tupu, na katikati kulikuwa na jukwaa la saruji lenye boliti nne zilizosubiri injini yake. Niliweka mashine yangu ya kujumlisha pale juu nikaanza kuvuta mpini na kuipiga makofi, akina mama wakinitazama kwa huruma. Nilijumlisha akaunti zote mbili kama zilivyokuwa, ile ya Mwabasuma kwa kufuata karatasi za benki alizonipa Mzee Maganga, nikatoa gharama ya fundi. Hazikutosha. Nikajumlisha tena, safari hii nikirudisha riba na tozo zote. Zilitosha, na zikabaki za dizeli. Nikawaeleza waliokuwepo kwamba zile tozo ndizo injini yao. Zikirudi, injini inarudi. Zisiporudi, inakwenda Sengerema na rangi yake ya kijani.

Meneja mpya alikuwa kijana nadhifu, mwenye miwani na suti ya mikono mifupi iliyopigwa pasi vizuri. Alikuwa wa kwetu, na aliposikia jina langu alianza kunisalimia Kihaya na kuniuliza habari za kahawa. Nilimjibu Kiswahili, kwa sababu Mama Kabula alikuwa amekaa pembeni yangu na shida ilikuwa yake. Akaelewa, akabadilisha lugha. Nataka niseme tangu hapa kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na ndiyo kwanza alikuwa amepewa tawi.

"Nawahurumia," alisema. "Lakini mbele ya benki hawa ni wateja wawili. Juhudi ametoa asichonacho, ametozwa. Mwabasuma ana fedha zake, hajaguswa. Nitaanzaje kumlipia huyu kwa fedha za yule?"

"Meneja aliyepita alikuwa akihamisha. Iko kwenye taarifa zenu."

"Alifanya kwa mdomo tu. Mdomo haukaguliwi."

"Na wewe, Ndugu Meneja, uliacha bila hata mdomo," nilisema. Nilikuwa nimekasirika, na nikikasirika naongea polepole.

Alizinyoosha karatasi zake. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala, "Basi tufanye hivi. Wenyeviti wote wawili waje hapa, wa Mwabasuma na wa Juhudi. Wakae mbele yangu ana kwa ana. Wa Mwabasuma aseme kwa kinywa chake kwamba yuko tayari kumkopesha mwenzake. Nikiwasikia wamekubaliana, ndipo nitaangalia na habari ya tozo."

Nilifungua mdomo nimweleze kwamba mwenyekiti ni mmoja. Hapohapo katambuga ikatua juu ya vidole vyangu vya mguu na kukaa.

"Watakuja," alisema Mama Kabula. "Jumatano. Uwaandalie viti viwili, Ndugu Meneja."

Tulipotoka nje nilimwambia, "Mama, si unajua mwenyekiti ni Mzee Maganga tu?"

"Najua. Meneja ndiye hajui. Mwache akutane naye."

Sikupenda. Niliona tutaonekana tumekwenda kumfanyia meneja dhihaka ofisini kwake, atukasirikie, atufungie mlango, na mwezi ulikuwa unaisha. Mpaka Jumatano ilipofika nilikuwa nimezirudia hesabu zangu mara tatu. Mama Kabula yeye alilala kwa dada yake Mkolani na alikuja amenawiri.

Mzee Maganga alifika na koti, fimbo na ndevu zilizonyolewa upya. Meneja alisimama, akampa shikamoo yake kwa heshima, akaitikiwa. Mbele ya meza kulikuwa na viti viwili vinavyotazamana, kama Mama Kabula alivyoagiza.

"Karibu, mzee. Wewe ni wa Mwabasuma au wa Juhudi?"

"Kwa sasa ni wa Mwabasuma," alisema Mzee Maganga, akakaa kiti cha kushoto.

"Na mwenzako yuko wapi?"

"Hayuko mbali. Nadhani anaingia."

Akainuka. Aliinuka taratibu, maana magoti yake hayakupenda ngazi za benki, akazunguka, akakaa kiti cha kulia. Akaweka fimbo katikati ya miguu, akakitazama kile kiti alichotoka.

"Mwangaluka, Mwabasuma," alisema, akikiamkia kwa Kisukuma.

Akainuka, akarudi kushoto. "Mwangaluka, Juhudi. Mhola, salama?"

Kulia. "Si mhola sana. Injini yangu imeshikwa mjini, wanawake wananinunia. Nimekuja unikopeshe."

Kushoto. "Injini gani? Si ile tuliyoinunua pamoja?"

Kulia. "Ndiyo hiyohiyo."

Meneja aligeuza kichwa kushoto na kulia akimfuata. Mimi nilitazama sakafu. Mzee Maganga hakuharakisha wala hakutabasamu. Kila alipohama kiti alihama kweli, na alipofika alivuta pumzi na kutulia kama mtu aliyetoka mbali.

Kulia akauliza, "Sasa ukinikopesha, utanitoza riba?"

Akainuka. Akazunguka. Akakaa kushoto, akakuna kidevu, akafikiri kwa muda ambao niliona ni mrefu mno.

"Nitakutozaje riba," alisema, "na mke wako ndiye anayenipikia?"

Wa kwanza kucheka alikuwa mpiga taipu wa chumba cha pili, maana mlango ulikuwa wazi. Kisha karani wa kaunta. Meneja alikaza mdomo akitazama kidau cha wino, na nikaona mabega yake yanatikisika. Lakini Mzee Maganga alikuwa hajamaliza. Alikigeuza kiti cha Mwabasuma kikaelekea meza, na sasa hata macho yake hayakuwa yanacheka.

"Ndugu Meneja, nakuuliza bado nikiwa Mwabasuma. Fedha yangu ilikuwa ndani ya nyumba yako muda wote?"

"Ilikuwepo, mzee."

"Juhudi alipopungukiwa, ulimpa fedha ya nani?"

Meneja aliweka kalamu chini.

"Fedha ya pamba yangu ilikuwa imelala hapo, wewe ukamkopesha yeye, ukamtoza. Yeye ni mimi. Umenikopesha debe langu mwenyewe, na umenidai nauli ya kulibeba. Mimi sikusoma, nieleze tu nielewe. Kama ni haki, nitanyamaza, nitaenda kuwaambia wanawake watafute mawe."

Hapo hakuna aliyecheka. Meneja alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akavuta kitabu cha taratibu za benki kilichokuwa nyuma yake, akakifunua akitafuta, na mimi nikajisemea basi, amepata pa kujificha. Alisoma kimya. Kisha akakigeuza upande wetu.

"Imeandikwa hapa kwamba mteja aarifiwe kabla ya kubadilishiwa masharti aliyozoea," alisema. "Hamkuarifiwa. Barua niliziandika baada ya kutoza, na zikaenda pasipo na watu. Kwa sharti hili, sikustahili kuwatoza."

"Kwa hiyo?" aliuliza Mama Kabula.

"Kwa hiyo narudisha. Riba, tozo, na za barua."

Nilimuuliza kama hana haja ya kuwauliza wakubwa wake Dar es Salaam kwanza. Alisema haja ipo, na kwamba jibu lingekuja kwa treni wakati injini imeshazoea hewa ya Sengerema. "Nikiulizwa, nitajibu," alisema. "Nitasema nilikutana na wenyeviti wote wawili." Alikuwa kijana, tawi lake la kwanza, na mtu wa juu mwenye roho mbaya angeweza kumharibia kwa jambo hilo. Alijua hivyo na mimi nilijua kwamba anajua. Tangu siku ile nilimheshimu, na nilimsamehe hata ile pasi ya suti yake.

Aliandikisha makubaliano, safari hii kwa maandishi, kwamba akaunti moja ikipungua benki ichukue kwenye nyingine bila kutoza. Mzee Maganga akatia saini ya Mwabasuma. Meneja akamsogezea karatasi atie na ya Juhudi, lakini mzee akainuka.

"Si lazima uhame, mzee. Tia hapohapo."

"Hapana, ndugu yangu. Utaratibu ni utaratibu," alisema Mzee Maganga, akazunguka mpaka kiti cha pili.

Tulipokuwa tunaaga meneja alimwambia kwamba, kwa kawaida, sasa angewashauri waifunge ile akaunti ya zamani. Mzee alimweleza habari ya mama yake, kama alivyonieleza mimi, kwa maneno yaleyale. Meneja alisikiliza mpaka mwisho. "Basi isifungwe," alisema. "Kaunta ina nafasi ya kutosha." Nilitoka nje haraka kidogo kuliko wenzangu, kwa sababu machozi yalikuwa yananilenga na sikutaka Mama Kabula apate la kunitania njia nzima.

Tozo zilirudishwa, hundi ikaandikwa upya, na fundi akaipokea kwa uso wa mtu aliyekuwa ameshazipangia fedha za Sengerema matumizi. Injini ilipanda lori. Akina mama walipanda pamoja nayo na kuimba mpaka Usagara, ambako waliomba dereva apunguze mwendo wakipita mbele ya mashine waliyokuwa wanapangia foleni, ili waimbe vizuri zaidi.

Vijana wangu, nimeshughulikia kesi nyingi baada ya hiyo, nyingine kubwa kuliko hiyo, na nyingine nilishindwa. Sasa niko nyumbani kwangu Mkolani, nasagiwa unga kwa mashine ya umeme kwa kijana ambaye hajui foleni ni nini. Mkipata taarifa ya benki yenye makato msiyoyaelewa, msione haya kuuliza. Aliyekata ni mtu, ana meza na viti, na anaweza kuelezwa. Ila mwende jikoni kwanza.

Nimalizie na Jumamosi ile ya uzinduzi. Injini ilifungwa kwenye boliti zake nne, ikawashwa, ikakohoa moshi, kisha ikashika mlio wake ambao walisema ulisikika mpaka mashambani kule Mwabasuma. Mama mzazi wa Mzee Maganga aliletwa akaketishwa mlangoni, asikie. Meneja wa benki alikuja na dereva wake, nasi hatukuwa tumemtegemea. Alikuwa amevaa shati la kawaida na amebeba mwenyewe debe la mahindi begani, likimwelemea upande.

Akapanga foleni kama wengine. Wanawake wakataka kumpisha mbele, akakataa. Zamu yake ilipofika, Mama Kabula alipokea debe, akamimina, akasaga, unga ukatoka mweupe na wa moto. Meneja akauliza bei. Akaambiwa. Akatoa noti, akasema zinazozidi wakae nazo tu, ni mchango wake kwa kijiji.

Mama Kabula alifungua pindo la khanga, akatoa sarafu moja baada ya nyingine, akaziweka kwenye kiganja cha meneja, akakifunga kile kiganja kwa mikono yake miwili iliyojaa unga.

"Mchango utautoa siku nyingine, tutakuandikia na risiti," alisema. "Hapa kwetu ikizidi, inarudi leo hiihii."

Watu walicheka mpaka mlio wa injini ukafunikwa. Meneja alicheka kuliko wote. Kisha akafungua kiganja na, kwa mazoea ya kazi, akazihesabu zile sarafu mbele yetu sote, akakuta zimetimia.